Mwanamuziki Kushoto, Mpishi Kulia: Historia ya Elimu ya Mimba

Miongoni mwa fikra za malezi zilizodumu muda mrefu katika maandishi ya wanadamu ni ile inayodai kwamba mtoto huanza kufundishwa kabla hajazaliwa. Wachina waliipa jina la taijiao, neno lililoungwa kwa maneno mawili: tai, lenye maana ya mimba au kiumbe kilichomo tumboni, na jiao, lenye maana ya mafundisho. Wakorea hulitamka taegyo na Wajapani taikyo. Kwa Kiswahili jambo hili linaweza kuitwa elimu ya mimba, ingawa jina hilo linapotosha kidogo, kwa sababu katika maandishi ya kale mwanafunzi hasa hakuwa mtoto bali mama yake, na waliotunga masomo mara nyingi walikuwa wanaume ambao hawakuwahi kubeba mimba wala kumsaidia mkunga. Ukiwafuata waandishi hao karne kwa karne, utaona kwamba jambo walilotofautiana zaidi si kama mtoto hufundishika tumboni, maana hilo walikubaliana, bali ni nani abebe jukumu la mafundisho hayo: mama peke yake, nyumba nzima, au dola.

Andiko la mapema lenye sura nzima kwa jina hilo la elimu ya mimba ni Xinshu, mkusanyiko wa hoja za Jia Yi, mwanazuoni wa enzi ya Han aliyezaliwa mwaka 200 Kabla ya Kristo (KK) na kufariki akiwa na miaka 30 na ushei. Jia Yi hakuwa tabibu wala hakushughulika na uzazi. Alikuwa mshauri wa siasa aliyetaka kujua kwa nini dola ya Qin, iliyoiunganisha China kwa upanga mwaka 221 KK, ilianguka baada ya miaka 15 tu, ilhali dola ya Zhou iliyoitangulia ilihesabiwa kuwa imedumu karne nyingi. Jibu lake lilikuwa kwamba Wazhou walijua kumlea mrithi wa kiti, na Waqin walimkabidhi wa kwao kwa mwalimu aliyemfundisha adhabu na kukata vichwa. Na kwa kuwa malezi mema hayana budi kuanza mapema, Jia Yi alirudi nyuma hatua kwa hatua, kutoka darasani hadi mikononi mwa mlezi wa kichanga, na kutoka hapo hadi tumboni. Kwa hiyo elimu ya mimba, ilipoingia katika maandishi, iliingia kama suala la usalama wa dola. Mtoto aliyezungumziwa alikuwa mmoja tu katika nchi nzima, yule ambaye angerithi enzi.

Kwa mujibu wa sura hiyo, malkia alipofikisha mwezi wa saba wa ujauzito alihamia chumba cha peke yake, na mlangoni pake wakasimama maofisa wawili wa ikulu: mkuu wa wanamuziki upande wa kushoto akiwa na chombo chake cha kupimia sauti, na mkuu wa wapishi upande wa kulia akiwa na upawa. Malkia alipoomba wimbo usiolingana na adabu za ikulu, mwanamuziki alijibu kwa unyenyekevu kwamba hakuwahi kuufanyia mazoezi. Alipotamani chakula kisichostahili, mpishi aliegemea upawa wake akasema hathubutu kumlisha mrithi wa mfalme kitu kama hicho. Ni ujanja wa watumishi unaojulikana katika kila jumba la wakubwa, wa kukataa bila kutamka neno la kukataa. Kanuni zenyewe, andiko linaendelea, ziliandikwa juu ya vibao vya jiwe la thamani, zikafungiwa katika kasha la dhahabu na kuwekwa katika hekalu la mababu ili vizazi vijavyo vionyeke. Yafaa kukumbuka kwamba waliowekwa zamu mlangoni walisimamia sikio na ulimi, na kwamba malkia, pamoja na kunyimwa hiari yake, hakuachwa peke yake: kama mrithi angeharibika tumboni, walikuwepo wengine wawili wa kuulizwa.

Jia Yi aliwahi kupelekwa Changsha, kusini mwa China, kuwa mwalimu wa mfalme mdogo wa huko, uhamisho ambao yeye mwenyewe aliuona kuwa ni adhabu. Katika viunga vya mji huohuo, mahali paitwapo Mawangdui, wanaakiolojia walifukua mwaka 1973 kaburi la kijana wa nyumba ya kabaila aliyezikwa mwaka 168 KK, na ndani yake wakakuta maandishi mengi juu ya hariri, likiwemo moja ambalo wataalamu wameliita Taichan shu, yaani Kitabu cha Mimba na Uzazi. Andiko hilo halina habari za dola wala hekalu. Linaeleza jinsi mimba inavyokua mwezi baada ya mwezi, na kuhusu mwezi wa tatu linasema kwamba kiumbe bado hakijashika umbo la kudumu, nacho hubadilika kufuatana na vitu ambavyo mama anavitazama. Ndiyo maana mama alishauriwa kuwaangalia watu wenye hadhi, kuepuka kutazama nyani, na kutokula mchuzi wa sungura. Kiswahili kina njia yake ya kulifahamisha wazo hili, kwa kuwa katika lugha hii mimba hutungwa kama shairi linavyotungwa, na mshairi anayefahamu kazi yake huweza kubadili vina na mizani mpaka siku anapolikubali shairi lake kuwa limekwisha. Kwa waandishi wa hariri ile, mwezi wa tatu ulikuwa wakati ambao utungo bado uko wazi kwa kila kinachopita mbele ya macho ya mtungaji.

Mtu aliyeifanya elimu ya mimba kuwa wajibu wa kila mwanamke ni Liu Xiang, mkutubi na mhariri wa ikulu ya Han, ambaye miaka 150 hivi baada ya kifo cha Jia Yi alikusanya Lienü zhuan, yaani wasifu wa wanawake wa kupigiwa mfano na wa kutahadharisha. Katika sura yake ya kwanza, inayohusu akina mama, anasimuliwa Tai Ren, mama wa Mfalme Wen, baba wa utukufu wa dola ya Zhou. Tai Ren, inasimuliwa, alipokuwa na mimba macho yake hayakutazama maovu, masikio yake hayakusikiliza sauti za ufasiki, na kinywa chake hakikutoa neno la kiburi. Matokeo yake ni mwana aliyekuwa mwepesi kiasi kwamba akifundishwa jambo moja alielewa 100. Kisha mwandishi anaongeza desturi za wanawake wa zamani: kutolala ubavu, kutoketi pembeni mwa mkeka, kutosimama kwa mguu mmoja, kutokula nyama iliyokatwa upogo, na kusikiliza usiku mashairi yanayoghaniwa na wanamuziki vipofu. Sababu anayoitoa ni kwamba mwanadamu hufanana na kile kinachomgusa, hivi kwamba mama akiguswa na mema mtoto huwa mwema, na akiguswa na maovu mtoto huwa mwovu.

Ukilinganisha maandiko hayo mawili utagundua kwamba watu wa mlangoni wameondoka. Tai Ren wa Liu Xiang hana mpishi wa kumkatalia wala mwanamuziki wa kujidai hajui wimbo. Yeye mwenyewe ndiye bawabu wa macho, masikio na kinywa chake, na ikiwa mwana atapotoka hakuna mwingine wa kunyooshewa kidole. Mabadiliko hayo hayakutokea kwa bahati. Liu Xiang aliandika kwa ajili ya Mfalme Cheng, mtawala aliyetekwa na mapenzi ya masuria wa asili ya chini, na vitabu vya historia vya enzi hiyo vinaeleza kwamba lengo lake lilikuwa kumwonya kuhusu wanawake wa ndani ya ikulu. Mfalme huyo alifariki mwaka 7 KK bila kuacha mwana, kwa hiyo kitabu cha elimu ya mimba kilichoandikwa kwa ajili yake hakikuacha mrithi hata mmoja katika nyumba yake, lakini kilienea katika nyumba za watu wengine wote.

Kutoka kwa wanamaadili fikra hii iliingia kwa matabibu. Sun Simiao, tabibu mashuhuri wa enzi ya Tang aliyefariki mwaka 682, alikusanya kitabu kikubwa cha dawa ambacho jina lake hueleweka kama maagizo yenye thamani ya vipande 1,000 vya dhahabu, na kinyume cha mazoea ya wakati wake aliyatanguliza magonjwa ya wanawake mbele ya mengine yote, kwa hoja kwamba uzazi ndio mwanzo wa watu. Humo mna maelekezo ya kumlisha mama mwezi kwa mwezi, pamoja na yale ya kale kuhusu kutazama vitu vya heshima, kusikiliza muziki uliotulia na kuzuia hasira. Kitabu hichohicho kina sehemu nyingine, mbali na ile ya mimba, inayohusu rovu, yaani uvimbe wa tezi ya shingoni, na kwa ugonjwa huo Sun Simiao aliagiza mwani wa baharini na tezi za wanyama. Sehemu hizo mbili zilikaa ndani ya jalada moja kwa zaidi ya miaka 1,000 pasipo mtu kuziunganisha, na itabidi kuzirudia hapo mbele.

Korea ndiyo iliyoipokea elimu ya mimba kwa uzito kuliko nchi nyingine. Mwanafalsafa Zhu Xi, katika kitabu cha mafunzo ya watoto kilichokamilika mwaka 1187, aliweka simulizi la wanawake wa kale kuwa kifungu cha mwanzo kabisa, na kitabu hicho kilipofanywa msingi wa masomo katika ufalme wa Joseon, kila mvulana wa tabaka la wasomi alikariri mapema katika masomo yake jinsi mjamzito anavyopaswa kuketi. Wanawake nao walilisikia jina la Tai Ren. Mchoraji Shin, aliyezaliwa mwaka 1504, alijichagulia jina la heshima Saimdang, ambalo maana yake ni yule anayemfuata Tai Ren kama mwalimu wake. Mwanawe Yi I alikuja kuwa mmoja wa wanafalsafa wakubwa wa nchi hiyo. Leo sura ya mama imechapwa kwenye noti ya won 50,000 na ya mwana kwenye noti ya won 5,000, jambo ambalo huenda lingemfurahisha mwanafalsafa huyo, aliyeuheshimu sana utaratibu wa nani atangulie nani.

Hata hivyo aliyeandika kwa kina zaidi kuhusu jambo hili alikuwa mwanamke mwingine, Yi, anayejulikana kwa jina la Sajudang, aliyeishi kati ya mwaka 1739 na 1821. Mwaka 1800, akiwa amepita miaka 60 na amekwisha kuzaa watoto 4, aliandika kwa Kichina cha kisomi kitabu kiitwacho Taegyo singi, yaani Maelezo Mapya ya Elimu ya Mimba, na mwaka uliofuata mwanawe Yu Hui, aliyekuja kusifika kwa uchunguzi wake wa lugha, alikigawa katika sura, akakiwekea ufafanuzi na tafsiri ya Kikorea ili wasiosoma Kichina nao wakifahamu. Katika karne zote zilizotangulia waandishi walikuwa wameandika kuhusu wajawazito. Sajudang aliandika akiwa amekuwa mjamzito, na tofauti hiyo inaonekana katika kila kifungu.

Jambo la kwanza analolifanya ni kumrudisha baba ndani ya habari. Mafundisho ya mwalimu kwa miaka 10, anadai, hayafikii malezi ya mama kwa miezi 10 tumboni, na miezi hiyo 10 nayo haifikii siku moja ya baba, siku ile mimba inapotungwa. Kwa hiyo mume aliyemwendea mkewe akiwa mgonjwa, mwenye hasira au mchafu wa nia amekwisha kuharibu somo kabla mama hajaanza kufundisha. Jambo la pili ni kuirudisha nyumba nzima. Elimu ya mimba, kwa maelezo yake, haiwi kazi ya mjamzito peke yake, bali wakwe, mawifi na watumishi wote wanapaswa kujihadhari: asipelekewe habari za kumkasirisha, za kumtisha wala za kumhuzunisha, kwa sababu hasira huitia ugonjwa damu ya mtoto, hofu huidhuru akili yake, na huzuni huidhoofisha nguvu yake ya uhai. Mjamzito katika nyumba ya Kikorea ya karne ya 18 kwa kawaida alikuwa mkaza mwana anayeishi chini ya amri ya mama mkwe, ambaye neno lake halikupingwa. Kitabu kinachomwambia mama mkwe kwamba ukali wake unaweza kumfikia mjukuu wake tumboni kilikuwa kimempa mkaza mwana ngao ambayo hakuna sheria iliyompa, na ni vigumu kuamini kwamba mwandishi mwenyewe, aliyewahi kuwa mkaza mwana, hakujua alichokuwa akikifanya. Kitabu hakikosi ukali kwa mama, maana kina orodha ndefu ya vyakula vya kuepuka na namna za kukaa, kutembea na kulala, lakini maofisa wa mlangoni wamerejea, safari hii wakiwa ni watu wa familia.

Katika karne hiyohiyo ya 18 Ulaya ilikuwa ikibishana kuhusu jambo la jirani na hilo, ila kwa hofu tu bila elimu. Wasomi wengi wa huko waliamini kwamba alichokiona au alichokitamani mama huacha alama katika mwili wa mtoto, na mwaka 1726 mwanamke wa Godalming, Uingereza, aitwaye Mary Toft, aliwashawishi matabibu kadhaa kwamba alizaa sungura kwa sababu aliwahi kuwakimbiza shambani akiwa mjamzito. Udanganyifu huo ulipogunduliwa, tabibu James Blondel wa London alichapa mwaka 1727 kijitabu cha kuukana uwezo wa mawazo ya mama, na katika karne mbili zilizofuata sayansi ya Ulaya ilielekea upande wake, ikimtazama mtoto aliye tumboni kama kiumbe kilichofungiwa mbali na dunia. Afrika Mashariki nako kuna miiko mingi ya wajawazito, mmojawapo ukiwa ule unaojulikana katika jamii nyingi wa kutokula mayai, lakini miiko hiyo ilirithishwa kwa midomo ya wakunga na mabibi, nayo ilihusu zaidi kuzaa salama kuliko akili ya mtoto.

Kabla elimu ya mimba haijafika maabara, ilipitia kwa mtu mmoja aliyeibeba mpaka ukingoni. Kang Youwei, mwanamageuzi wa China aliyeshindwa na kukimbia nchi yake mwaka 1898, aliandika kitabu cha ndoto za ulimwengu mmoja usio na mipaka ya mataifa wala ndoa za kudumu, kitabu ambacho kilichapwa kikamilifu mwaka 1935, miaka 8 baada ya kifo chake. Katika ulimwengu huo kila mjamzito angeingia katika taasisi ya umma, iliyojengwa mahali penye hewa safi na mandhari ya kupendeza, akatunzwa na matabibu, akasikilizishwa muziki na kusomewa vitabu vizuri kwa gharama ya serikali, kwa sababu kumbeba mtoto ni utumishi kwa ulimwengu wote. Ni chumba kilekile cha Jia Yi, chenye mwanamuziki na mpishi wake, isipokuwa kwamba sasa kila mwanamke ni malkia. Ni chumba pia ambacho mama hana ruhusa ya kukikataa, na hilo Kang hakuliona kuwa na kasoro.

Sayansi ya Ulaya ililifikia suala hili kupitia sikio. Mwishoni mwa karne ya 19 mwanafiziolojia William Preyer wa Jena, mmoja wa waanzilishi wa uchunguzi wa watoto, alishikilia kwamba kichanga huzaliwa akiwa hasikii kabisa. Mwaka 1925 tabibu Mjerumani Albrecht Peiper alipiga honi ya gari karibu na matumbo ya wajawazito na kuandika jinsi watoto walivyoshtuka, na tangu hapo ukuta kati ya tumbo na dunia ukaanza kupata nyufa. Sasa inafahamika kwamba katika theluthi ya mwisho ya ujauzito mtoto huitikia sauti, hasa zile nzito, kwa kuwa nyama na majimaji yanayomzunguka huchuja sauti nyembamba, na kwamba inayomfikia kwa nguvu kuliko zote ni ya mama yake, ambayo husafiri pia ndani ya mwili.

Mwaka 1980 Anthony DeCasper na William Fifer, watafiti wa North Carolina nchini Marekani, walichapisha jaribio lililofanywa kwa vichanga 10 ambao hawajatimiza siku 3 tangu kuzaliwa. Kila kichanga alipewa chuchu ya mpira isiyo na maziwa iliyounganishwa na kinasa sauti, hivi kwamba namna yake ya kunyonya na kupumzika ndiyo iliyoamua asikie sauti ya mama yake au ya mwanamke mwingine. Na 8 kati yao walibadili mnyonyo wao kwa namna iliyowaletea mama. Mwaka 1986 DeCasper na Melanie Spence walikwenda mbele zaidi, wakawaomba wajawazito wasome kwa sauti hadithi moja mara 2 kwa siku katika wiki 6 za mwisho, na baada ya kuzaliwa watoto hao waliichagua hadithi ile hata iliposomwa na mwanamke asiye mama yao. Haikuwa maana ya hadithi waliyoikumbuka, bali mwendo wake, mapigo na mpando-shuko wa sauti, mambo ambayo wanamuziki vipofu wa Liu Xiang wangeyatambua mara moja. Sauti ya baba, kwa upande wake, vichanga waliweza kuitofautisha na ya mwanamume mwingine bila kuonyesha kuipendelea.

Mpishi wa upande wa kulia naye alipata ushahidi wake. Mwaka 2001 Julie Mennella na wenzake huko Philadelphia walionyesha kwamba watoto ambao mama zao walikunywa maji ya karoti katika miezi ya mwisho ya ujauzito waliupokea uji wenye ladha ya karoti kwa uso wa kuridhika kuliko watoto ambao mama zao walikunywa maji matupu, kwa kuwa ladha ya chakula cha mama hupenya hadi kwenye majimaji ambayo mtoto huyameza. Matokeo haya yote ni ya kuaminika, nayo yote ni madogo. Yanathibitisha kwamba mtoto huzaliwa akiwa na mazoea: anaifahamu sauti, mahadhi ya lugha ya nyumbani, harufu na ladha ya jiko la kwao. Hayathibitishi kwamba atakuwa mwepesi wa kuelewa mambo 100 kwa kufundishwa moja.

Pengo hilo kati ya mazoea na akili ndilo ambalo biashara ililiziba. Mwaka 1979 daktari mmoja wa Hayward, California, Rene Van de Carr, alianzisha mpango alioupa jina la chuo kikuu cha kabla ya kuzaliwa, ambamo wazazi walizungumza na tumbo kwa ratiba maalumu. Mwaka 1993 jarida la Nature lilichapisha ripoti fupi iliyosema kwamba wanafunzi 36 wa chuo waliosikiliza muziki wa Mozart walifanya vizuri kwa muda wa dakika 10 hadi 15 katika jaribio moja la kufikiria maumbo. Ripoti hiyo haikuhusu mtoto yeyote, mchanga wala wa tumboni, lakini mwaka 1998 gavana wa jimbo la Georgia, Zell Miller, aliomba dola 105,000 za bajeti ili kila kichanga wa jimbo hilo apewe santuri ya muziki wa aina hiyo, na maduka yakajaa vipaza sauti vya kufunga tumboni. Huko China, ambako sera ya mtoto mmoja ilianza kati ya mwaka 1979 na 1980, taijiao iliyokuwa imepuuzwa kama ushirikina wa kale ilifufuka ikiwa imevaa koti la sayansi, kwa sababu mzazi mwenye nafasi moja tu huogopa kuikosea. Katika bidhaa hizo zote, mama mkwe wa Sajudang hayumo, baba huonekana pembezoni, na taasisi ya Kang haipo. Amebaki mama na tumbo lake na kifaa alichonunua, kama Tai Ren, ila Tai Ren hakulipia.

Jambo ambalo kweli huamua kwa kiasi kikubwa akili ya mtoto aliye tumboni lilikuwa limelala katika ile sehemu nyingine ya kitabu cha Sun Simiao. Mwani aliouagiza kwa rovu una wingi wa iodini, ambayo Watanzania huiita madini joto, na tezi ya shingoni huitumia kutengeneza homoni ambazo bila hizo ubongo wa mtoto haujengeki sawasawa tangu wiki za mwanzo za mimba. Mama anayekosa madini hayo huenda akavimba shingo tu, ilhali mtoto wake akazaliwa kiziwi, dumavu au mwenye akili iliyozorota kwa kiwango kisichoweza kurekebishwa baadaye. Uthibitisho ulio wazi ulitoka Papua New Guinea, ambako jaribio lililoanza mwaka 1966 katika mabonde ya nyanda za juu, na kuripotiwa mwaka 1971, lilionyesha kwamba sindano ya mafuta yenye iodini humkinga mtoto na ulemavu huo ikiwa mama ameipata kabla ya kushika mimba. Siku moja ya kutungwa mimba, ambayo Sajudang aliipa uzito kuliko miezi yote, imeonekana kuwa na uzito kweli, kwa sababu ambayo hakuikisia.

Tanzania ni nchi ambamo sura hii ya historia imeandikwa kwa vidonge na chumvi. Katika nyanda za juu za kusini na magharibi, mbali na bahari na samaki wake, ambako mvua za karne nyingi zimeosha madini joto kutoka udongoni, rovu lilikuwa jambo la kawaida kiasi cha kutohesabiwa kuwa ugonjwa. Kuanzia mwaka 1986, Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania ilisimamia ugawaji wa vidonge vya mafuta yenye madini joto katika wilaya 25 zilizoathirika zaidi, kazi iliyoendelea hadi miaka ya 1990. Mwaka 2009 wachumi Erica Field, Omar Robles na Maximo Torero walikadiria kwamba watoto ambao mama zao walikuwa wamekingwa na vidonge hivyo walipokuwa wajawazito walisoma kati ya theluthi na nusu ya mwaka zaidi ya wengine, na kwamba faida ilikuwa kubwa zaidi kwa wasichana. Makadirio hayo yamebishaniwa na watafiti waliozipitia upya takwimu zilezile, wakisema hayasimami imara. Lakini kuhusu madhara ya upungufu wenyewe kwa ubongo wa mtoto hakuna mabishano.

Mama kijacho wa Rukwa au Ruvuma aliyemeza kidonge hicho hakuambiwa atazame nini, asikilize wimbo gani wala aketi vipi. Alichotakiwa kufanya kilikwisha kwa funda moja la maji, na kazi iliyobaki ilikuwa ya dereva wa lori, karani wa wilaya na muuguzi wa zahanati. Katikati ya miaka ya 1990 vidonge vilianza kuachia nafasi chumvi iliyotiwa madini joto kwa matakwa ya kanuni za serikali, na mlango wa chumba cha malkia ukahamia Uvinza na kwenye mashamba ya chumvi ya pwani, ambako wazalishaji wadogo huichanganya chumvi na dawa yenye madini hayo kwa bomba la mkono. Kiasi kinachofika jikoni hutegemea kama mpulizaji amechanganya sawasawa, kama gunia limenyeshewa njiani, kama muuza duka ameianika juani katika sinia, na kama aliyeinunua ameiweka katika chombo chenye mfuniko na kuitia chunguni chakula kinapokaribia kuiva.